Tuulize Sisi Kabla Moto Haujatuuliza

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mjini Newala, mbele ya mameneja wa viwanda, mafundi wa mitambo na wajumbe wa vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho kutoka Newala na Masasi.)



Mliponialika niseme nanyi juu ya usalama wa viwanda, nadhani wengi wenu mlijiuliza mwandishi wa gazeti anajua nini juu ya boila na tanuri. Swali hilo ni la haki. Mimi si mhandisi. Chuo Kikuu nilisoma mambo mengine, na mkinipa spana leo huenda nikaishika upande usio wake. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kuuliza maswali, kuwasikiliza watu ambao aghalabu hawasikilizwi, na kuandika walichosema bila kukipotosha. Nimekuja kuwaambia kwamba kuongoza uchunguzi wa hatari katika kiwanda ni kazi ya namna hiyo hiyo, na kwamba wengi wanaokabidhiwa kazi hiyo huiharibu kwa sababu hudhani ni kazi ya kutoa majibu.

Nianze na mahali tulipo. Uwanda huu wa juu wa Makonde, pamoja na tambarare za Masasi, ni nyumba ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na sehemu kubwa ya mavuno hayo ilitoka Kusini huku. Taifa likajenga viwanda vya kubangua hata vikafika 12, vingine vikiwa hapa Newala na pale Masasi. Lakini viwanda vilipokuwa tayari mavuno yalikuwa yameporomoka. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani zipatazo 16,500 tu. Mitambo ikakosa kazi, ikashika kutu, na kwa miaka mingi korosho zetu ghafi zikasafirishwa kwenda kubanguliwa na watu wengine. Leo tunasema tena, na tunasema kweli, kwamba korosho ibanguliwe nyumbani.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Kila tunapokutana tunahesabu mashine, tunahesabu tani, tunahesabu fedha na nafasi za kazi. Nani anahesabu hatari? Na akizihesabu, anazihesabu kwa macho ya nani: ya yule aketiye ofisini, au ya yule asimamaye mbele ya mafuta ya moto?

KIKAANGIO CHA BIBI

Mtoto wa Newala hahitaji kufundishwa darasani kwamba ganda la korosho lina mafuta makali. Amekwisha kuona vidole vya mama yake vilivyobabuka na kuwa vyeusi. Amekwisha kuona bibi yake akikaanga korosho katika bati lililotobolewa, na moto ukaruka ghafla kutoka kwenye bati kana kwamba mtu amemimina mafuta ya taa. Bibi huyo hukaa upande unakotoka upepo, huwafukuza watoto, na huwa na mchanga karibu. Hakuna aliyempa cheti, lakini anajua hatari ilipo, inakuja vipi, na afanye nini ikija.

Katika viwanda vya mtindo wa kukaanga kwa mafuta, kikaangio hicho cha bibi kimefanywa kuwa beseni kubwa la chuma. Ndani yake mna mafuta yale yale ya ganda, yakichemka kwenye nyuzi joto 190 hadi 200 hivi. Korosho zilizoloweshwa maji na kupumzishwa hupitishwa humo kwa mnyororo kwa muda wa dakika chache, ganda likawa kavu na rahisi kupasuka, na mafuta yake yakatoka na kuongezea yale yaliyomo. Chini ya beseni pana tanuri, na kuni za tanuri hilo aghalabu ni maganda ya korosho yenyewe. Ni utaratibu wenye akili, kwani hakuna kinachotupwa. Lakini tazameni mlichokikusanya pamoja: mafuta yanayowaka, moto chini yake, moshi mkali juu yake, maji katika korosho zinazoingia, na mtu wa nyama na damu pembeni.

Sasa niwasimulie kisa, nacho kinanihusu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kushuhudia kikao cha kuchunguza hatari. Mkuu wa kiwanda ndiye aliyekiongoza. Mhandisi aliketi kuliani kwake na mhasibu kushotoni. Nyuma, kwenye benchi, waliketi wafanyakazi watatu wa zamu, mmoja wao mzee aliyeangalia beseni la kukaangia kwa miaka mingi. Mkuu alisoma orodha iliyokuwa imeandaliwa. Kila alipofika kwenye jambo aliuliza, "Hapa hakuna tatizo, sivyo?" Mhandisi alijibu, "Hakuna, mzee." Kabla ya saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha, chai ikaletwa, nami nikarudi ofisini kuandika habari yenye kichwa kizuri, ikisifu kiwanda kilichojali maisha ya wafanyakazi wake.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, korosho zilizokuwa zimelowana kupita kiasi ziliingizwa katika beseni. Mafuta yakafura, yakamwagika ukingoni, yakateremka mpaka kwenye mlango wa tanuri, na moto ukapanda. Kijana aliyekuwa zamu aliungua mikono yote miwili hadi juu ya viwiko. Aliishi, ndugu zangu, lakini hakurudi tena katika kazi ya mikono, naye alikuwa hana nyingine.

Nilikwenda kumwona yule mzee wa benchi la nyuma. Nilimwuliza kama alijua kwamba jambo hilo lingeweza kutokea. Akanitazama kwa muda, kisha akasema kwamba beseni husema kabla ya kufura. Korosho zikiwa na maji mengi, sauti ya mafuta hubadilika, povu hupanda kama maziwa jikoni, na yeye siku zote alipousikia mlio huo alisimamisha mnyororo. Siku ile alikuwa likizo. Nikamwuliza kwa nini hakusema kikaoni. Akajibu, "Mwanangu, wewe ulikuwapo. Nani aliniuliza?"

Jibu hilo nimelibeba hata leo. Katika chumba kile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kuuliza, naye alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nanywa chai.

UCHUNGUZI HUU NI NINI?

Wataalamu wa viwanda wana utaratibu wanaouita Hazopu, nasi tunaweza kuuita uchunguzi wa hatari na uendeshaji. Ulianza katika miaka ya 1960 huko Uingereza, katika kampuni ya kemikali ya ICI. Wahandisi wa huko waliona kwamba michoro ya mitambo ilikaguliwa na kila mtaalamu peke yake, kila mmoja akitazama lake, na makosa yakapita katikati yao. Wakaamua kuketi pamoja kuzunguka mchoro mmoja na kuuliza bomba kwa bomba. Kundi moja la awali lililochunguza kiwanda kipya lilikutana siku 3 kila wiki kwa muda wa miezi 4. Mnamo 1974 mhandisi H. G. Lawley aliuchapisha utaratibu huo, na ukaenea duniani. Leo viwanda vikubwa vya mafuta, gesi na kemikali huuhesabu kuwa jambo la kawaida.

Mwaka huo huo wa 1974, tarehe 1 Juni, dunia ilipata funzo la kutisha. Katika kiwanda cha Flixborough, Uingereza, palikuwa na matangi sita makubwa yaliyopangwa kwa mstari, na kimiminika chenye kuwaka kilipita kutoka tangi moja hadi jingine kikiwa na joto na shinikizo kubwa. Tangi la tano lilipopata ufa, liliondolewa, na bomba la muda likawekwa kuunganisha la nne na la sita. Mchoro wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Wakati huo nafasi ya mhandisi mkuu wa mitambo ilikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kuuliza swali lililostahili. Bomba lilishindwa, mvuke ukatoka, ukalipuka, na watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi, laiti ingekuwa siku ya kazi, wangekufa wengi zaidi.

Basi tusidhani kwamba ajali hizi ni za watu wasiosoma. Flixborough palikuwa na elimu na fedha. Kilichokosekana siku lile bomba lilipofungwa ni swali.

MANENO SABA

Nguvu ya uchunguzi huu ni kwamba haumwachii mtu aulize lolote linalomjia kichwani. Kiwanda hugawanywa katika sehemu ndogo ndogo. Kwa kila sehemu kiongozi huuliza kwanza: hapa panatakiwa kutokea nini? Jibu likishaandikwa, huchukua maneno machache ya kuongozea, ambayo kwa lugha yetu naweza kuyataja kuwa saba: hakuna, zaidi, pungufu, pamoja na, sehemu tu, kinyume, na badala ya. Maneno haya huyaunganisha na mambo yanayopimika: mwendo, joto, kina, shinikizo, unyevu, muda. Kila penye mkengeuko kundi hutafuta mambo manne: sababu yake, matokeo yake, kinga iliyopo, na hatua inayotakiwa.

Twendeni kwenye beseni letu tuone.

Hakuna mwendo. Umeme umekatika, na huku kwetu umeme hukatika. Mnyororo umesimama, korosho zimelala ndani ya mafuta. Lakini tanuri la maganda halizimwi kwa swichi. Linaendelea kuwaka, na joto linaendelea kupanda. Nani anafunga mlango wa hewa wa tanuri? Upo mpini wa kuzungusha mnyororo kwa mkono ili korosho zitolewe? Umewahi kujaribiwa, au umetundikwa ukutani tangu siku ya uzinduzi?

Zaidi. Joto zaidi: kipimajoto kimekufa na mtu anakisia kwa rangi ya moshi. Unyevu zaidi: korosho zimetoka kwenye maji bila kuchujwa, au mvua imenyea magunia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita zipatazo 1,700. Sasa fikirini ndoo moja ya maji iliyofichwa ndani ya magunia, ikiingia katika mafuta yenye nyuzi 190. Hapo ndipo alipoungulia yule kijana. Kinga ilikuwa nini? Sikio la mzee mmoja. Na mzee akaenda likizo.

Pungufu. Mafuta yameshuka chini ya alama, na kuta za beseni zilizo tupu zinapata moto mkali kuliko mafuta yenyewe. Nani anaangalia alama, na kila baada ya muda gani?

Pamoja na. Pamoja na korosho yanaingia mawe, misumari, vipande vya magunia, mnyororo unakwama. Mtu anaingiza mkono. Nani amemfundisha kwamba asiingize?

Sehemu tu. Nusu ya shehena imepumzishwa vya kutosha, nusu imeharakishwa kwa sababu lori linasubiri. Mwenye kukaanga ataijuaje tofauti?

Kinyume. Upepo wa uwanda huu mnaujua. Ukigeuka, moshi wa bomba la juu hurudi ndani, katika chumba wanamoketi akina mama wanaobangua. Wanakohoa, macho yanawatoka machozi. Je, hilo linaandikwa mahali popote kuwa ni tukio, au husemwa tu kwamba leo kuna moshi?

Badala ya. Badala ya fundi aliyezoea, leo amesimama kibarua wa wiki moja. Badala ya kukaanga, leo ni siku ya kusafisha, na mtu anamimina maji katika beseni ambalo halijapoa. Aghalabu viwanda huchunguzwa vikiwa katika mwendo wa kawaida, hali ajali nyingi hutokea siku ya kuwasha, siku ya kuzima na siku ya kufanya matengenezo.

Mnaona, ndugu zangu, kwamba hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ili kuulizwa. Kujibu kunahitaji mhandisi, ndiyo, lakini kunamhitaji pia mtu wa zamu. Mhandisi anajua mtambo ulivyokusudiwa kufanya kazi. Mtu wa zamu anajua unavyofanya kazi. Hatari hukaa katika nafasi iliyo baina ya hayo mawili, na haionekani mpaka watu hao wawili wakae meza moja.

Najua kwamba baadhi ya viwanda vya leo havikaangi tena kwa mafuta, bali hupika korosho kwa mvuke. Hiyo ni nafuu kubwa kwa moto na moshi, lakini badala ya beseni umeleta boila na chombo chenye shinikizo. Vali ya usalama ilipimwa lini? Mlango wa chombo cha kupikia unaweza kufunguliwa shinikizo likiwa bado ndani? Maji ya boila yakikauka, nini huzima moto? Hata ghala la salfa, ambayo wakulima wetu huipuliza mikorosho kupigana na ubwiriunga, lina maswali yake: vumbi la salfa likitanda hewani linaweza kuwaka kwa cheche moja, na moshi wake hukaba roho. Kubadili mtambo ni kubadili maswali. Maswali yenyewe hayaishi.

SWALA LA MAJI

Kuna swali moja la uwanda huu ambalo mtaalamu kutoka mbali hawezi kulijua asipoambiwa. Huku juu hakuna mito. Mvua ikinyesha hunyonywa na mchanga, na bibi zetu walishuka mabondeni alfajiri kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Hata baada ya mradi wa maji wa Makonde, maji ya Newala yanasukumwa na pampu kutoka bondeni, kama pale Mitema, yakapandishwa mlima mrefu. Pampu ikizimika, mabomba hukauka.

Sasa katika michoro ya kiwanda, upande wa kinga, mara nyingi huandikwa neno moja: maji. Maji ya kupoza, maji ya boila, maji ya kuzimia moto. Kiongozi wa uchunguzi akiwa mgeni ataweka alama ya kukubali na kusonga mbele. Akiwapo mama mmoja wa Newala mezani, atacheka. Atauliza: maji yapi, na siku gani? Neno "hakuna" litakuwa limepata jibu lake kabla halijatamkwa.

Tena lipo jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Mafuta ya beseni yakishika moto, maji si dawa yake. Maji yatayarusha mafuta na kuutawanya moto. Panatakiwa mfuniko wa chuma unaoweza kushushwa na mtu aliye mbali, mchanga mkavu, mitungi ya unga wa kuzimia moto, na zaidi ya yote watu waliofanya mazoezi. Lakini mtu aliyeshtuka hushika ndoo, kwa sababu tangu utotoni ameambiwa kwamba moto huzimwa kwa maji. Mambo hayo mawili, maji yasiyokuwapo na maji yasiyofaa, yangepatikana kwa saa moja ya kuulizana kwa dhati.

KIONGOZI AJUE KUNYAMAZA

Nije sasa kwa yule anayeongoza. Nimewauliza wahandisi waliozoea kazi hii, nimesoma, na nimeliweka pembeni mwa hayo kosa langu mwenyewe. Nimeona mambo matano.

La kwanza, kiongozi asiwe mkuu wa kiwanda, wala asiwe yule aliyechora mtambo. Mkuu akiuliza, watu hujibu kinachompendeza. Aliyechora akiuliza, huulinda mchoro wake kama mzazi amlindavyo mtoto. Atafutwe mtu anayeujua utaratibu, asiye na cha kupoteza jibu likiwa baya. Kama kiwanda ni kidogo, kiwanda cha Masasi kimwazime mtu kwa kile cha Newala, na cha Newala kimrudishie fadhila.

La pili, aanze na aliye chini. Akimwuliza mhandisi kwanza, hakuna fundi atakayempinga. Akimwuliza fundi kwanza, mhandisi atajibu kwa hoja. Na akishauliza, anyamaze. Kunyamaza ni sehemu ya kazi. Mtu asiyezoea kusikilizwa huchukua muda kuamini kwamba safari hii anasikilizwa. Tena akina mama wanaobangua wasikose mezani, maana ndio wanaoivuta hewa hiyo kutwa nzima.

La tatu, asiruhusu neno "haijawahi kutokea" kuwa jibu. Bomba la Flixborough nalo halikuwahi kushindwa, mpaka siku liliposhindwa. Wala asiruhusu "tutakuwa waangalifu" kuandikwa kuwa kinga. Uangalifu huchoka saa tisa za usiku. Mfuniko wa chuma hauchoki.

La nne, awe na karani, na karani aandike walichosema watu kama walivyokisema. Penye hatua ya kuchukuliwa liandikwe jina la mtu na tarehe. Hatua isiyo na mwenyewe ni yatima. Tena kiongozi asikubali kuharakishwa. Kundi lililochoka huona kila kitu ni salama. Saa nne au tano kwa siku zinatosha, kesho waendelee.

La tano, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, kazi isiishie kabatini. Mwaka 1984, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, maji yaliingia katika tangi la sumu huko Bhopal, India, na gesi ikatoka ikaua maelfu ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Kiwanda hicho kilikuwa na kinga kwenye karatasi: mtambo wa kupoza tangi, mtambo wa kusafisha gesi, na bomba la kuichomea. Usiku ule wa kwanza ulikuwa umezimwa, wa pili haukuwa tayari kwa kazi, na bomba lilikuwa katika matengenezo. Kinga isiyokaguliwa ni hatari zaidi kuliko kukosa kinga, kwa kuwa watu hulala wakiitegemea. Basi kila badiliko, hata bomba moja, hata zamu mpya, lirudishwe mezani na kuulizwa upya.

GHARAMA NA VISINGIZIO

Najua nitakayoambiwa. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya viwanda vikubwa, kama mitambo ya gesi ya Madimba iliyofunguliwa mwaka 2015 kule Mtwara, wala si ya vibanguaji vyetu. Nawajibu kwamba ngozi ya mwanadamu haijui ukubwa wa kiwanda. Kiwanda kikubwa kina mabomba elfu, kinahitaji miezi. Chetu kina beseni moja, boila moja na ghala moja, kinahitaji siku chache, karatasi, na moyo wa kusikia. Udogo wetu ni nafuu ya kutuwezesha kulifanya jambo hili, nasi tunaugeuza kisingizio.

Watasema wengine kwamba muda ni fedha na msimu haungoji. Kweli, msimu haungoji. Lakini kiwanda kilichoungua hakibangui korosho, na mkulima aliyekopesha mavuno yake kwa chama chake hatalipwa kwa majivu. Watu wa ushirika mliopo hapa, fedha zinazojenga viwanda hivi ni za makato ya mkulima wa Kitangari, wa Mahuta, wa Lulindi. Mnayo haki ya kumwuliza meneja juu ya hesabu za mwaka. Mnayo haki ile ile ya kumwuliza: uchunguzi wa hatari ulifanyika lini, nani aliuongoza, na hatua ngapi bado hazijatekelezwa?

Sheria imekwisha kuweka msingi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde maisha ya wafanyakazi wake, nayo inataka wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama. Lakini sheria haiwezi kuingia katika chumba na kumfanya mkuu anyamaze ili mzee wa zamu aseme. Hilo ni letu.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Naomba jambo moja tu kabla msimu ujao haujafunguliwa. Kila kiwanda kilichowakilishwa hapa kichague sehemu yake moja, ile ambayo kila mtu anaijua moyoni kuwa ndiyo ya kuogopwa. Waketi watu sita au saba: mhandisi au fundi mkuu, mtu wa zamu, mtu wa matengenezo, mbanguaji mmoja, mwakilishi wa usalama, karani, na kiongozi kutoka kiwanda cha jirani. Wachukue maneno yale saba. Waulizane mpaka jua litue.

Nami nitakuja, mkiniruhusu. Safari hii sitaketi na wakubwa, nitaketi benchi la nyuma. Na nitakapoandika, sitaandika kwamba kikao kilifanyika. Nitaandika nini kiliulizwa, nani alijibu, na nani amepewa kazi ya kulimaliza jambo hilo na kwa tarehe gani. Kisha tarehe hiyo ikifika nitarudi kuuliza.

Yule kijana hakuunguzwa na mafuta peke yake. Aliunguzwa na swali ambalo halikuulizwa katika chumba kilichojaa watu wenye akili. Wazee walituachia neno kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Tuulize sisi, kabla moto haujatuuliza.